Ng'ombe wa Zamu ya Mwisho

Siku Nzioka alipobeba mchezo wa kuchangiana pesa, mtu wa kwanza kumpongeza alikuwa mkewe, na alimpongeza kwa tusi.

"Haya, tajiri wa makaratasi," Ngina alimwambia mbele ya watu. "Funga mlango vizuri, wezi wasije wakaiba harufu."

Wanaume waliokaa juu ya magogo nyuma ya kiwanda cha katani walicheka, kisha wakanyamaza walipoona Ngina mwenyewe hacheki. Walikuwa kumi na wawili, wakata mkonge na mafundi wa shamba moja la Mzungu kati ya Ruiru na Thika. Tangu katikati ya mwaka 1949, kila tiketi ya kazi ya siku thelathini ilipojaa na mshahara kutoka, kila mmoja alitoa shilingi kumi, na mmoja wao akabeba zote akatengeneza maisha yake. Sasa ilikuwa Februari ya 1951, na aliyebeba alikuwa wa mwisho.

Zamu hiyo ya mwisho Nzioka aliiomba mwenyewe kwa mdomo wake. Wenzake walipokuwa wakigombea zamu za mbele kama kuku kwenye mtama, yeye alisimama akavua kofia na kusema atangoja. Aliwaza kwamba pesa ikikaa kwa watu wengine ni kama imefukiwa. Mchwa hawaifikii, wala Jumamosi ya pombe haiifikii. Wakamsifu sana siku ile. Walimwita muungwana. Zamu ya kwanza ikamwangukia Dalmas, fundi wa mashine kutoka Nyanza, ambaye kesho yake tu alikwenda Thika na kurudi anavuta mtamba mweusi, tena na kofia mpya iliyotokana na chenji. Mtamba yule alikwisha kuzaa. Kila alfajiri alilia nyuma ya laini, zile safu za nyumba za wafanyakazi, na Ngina aliapa kwamba anamtaja mumewe kwa jina.

Maana Nzioka naye alikuwa akichangia mtamba. Katika mahari ya Ngina ndiye peke yake aliyebaki. Mbuzi walishakwenda, fahali alishakwenda, asali ilishalambwa na pombe ikanywewa mpaka wazee wakaimba. Bado mtamba. Mzee Kiilu wa Matungulu, baba yake Ngina, alikuwa amevumilia miaka minane na wajukuu watatu, mwishowe akatuma neno: mvua za Machi zisimkute hana ng'ombe wake. Zikimkuta, atakuja kumchukua binti yake na watoto wote, kwa sababu mwanamke ambaye hajamalizwa kulipiwa bado ni wa kwao.

"Nauliza kitu kimoja," Ngina alisema, akajipenyeza katikati ya magogo, mtoto mgongoni. "Hapa tulichanga shilingi au tulichanga ng'ombe?"

"Shilingi, Mama Kaleli," Dalmas alijibu. "Shilingi kumi kumi. Hizo hapo, hesabu."

"Sina haja ya kuhesabu. Zako zilikuwa na ng'ombe ndani. Hizi za mume wangu nimezipapasa, hazina hata kwato."

Dalmas alivua kofia, ile ile ya chenji. Alikuwa mtu wa kusoma magazeti, na mtu wa namna hiyo hawezi kuona shida ya mwenzake bila kuieleza. "Kosa si letu. Pauni ilianguka kule London."

"Ilianguka kutoka wapi?"

"Serikali yao iliishusha kusudi. Na shilingi yetu imefungwa kwenye pauni kama ndama kwenye mguu wa mama yake. Ile ikishuka, hii nayo imeshuka. Halafu kuna vita huko Korea, dunia nzima inataka katani yetu ya kamba, pesa zinamwagika huku lakini vitu ni vile vile. Ndiyo maana bei..."

"Zinamwagika wapi? Nionyeshe na mimi nikalowe."

"Nasema kwa nchi, Mama Kaleli. Nchi inapata."

"Mwambie nchi atuazime ng'ombe."

Hapo mtu mmoja alicheka mpaka akakohoa. Ukweli ni kwamba bei mwaka ule zilipanda mpaka waongo wa Ruiru wakakosa kazi. Ilisemekana ukiingia dukani na pesa ya unga, ukasimama kidogo kupiga chafya, ukimaliza imekuwa pesa ya chumvi. Ilisemekana mwenye duka mmoja alipandisha bei ya sukari mteja akiwa amenyoosha mkono, na mkono ukabaki hewani wiki nzima. Nzioka naye alikuwa ameongezwa mshahara, shilingi mbili kwa tiketi, na siku hiyo hiyo wake wa mameneja walinunua mbwa wa bei kuliko mshahara wake mzima.

"Kila mtu aongeze kidogo," Ngina alisema. "Muungwana wenu aliwangoja. Na ninyi mngojeeni."

Waweru, mkata mkonge wa Gitothua, akatikisa kichwa. "Mimi nilibeba wa saba. Nilitaka mabati ishirini, nikapata kumi na manne. Hata leo tunalala upande mmoja wa nyumba. Nikimwongezea Nzioka, mimi ataniongezea nani?"

"Na mimi wa tisa!" mwingine akadakia. Kelele zikapanda. Kila mmoja alikuwa na kipande chake cha hasara alichokificha kwa aibu, na sasa alikitoa kwa hasira, na wote wakamgeukia Nzioka kana kwamba yeye ndiye aliyewaibia.

Selpha, mke wa Dalmas, alikuja na mtungi wake wa maziwa kiunoni, akiwa amesikia kila neno kutoka jikoni kwake. "Nasikia kuna mtu anamtaka ng'ombe wangu akamlipe babake."

"Hakuna aliyemtaja ng'ombe wako."

"Umemtaja kwa macho. Tangu azae unamtazama mpaka maziwa yanapungua. Nimemkatia nyasi, nimelala naye akizaa, wakati mume wako ameketi hapo anasifiwa uungwana. Basi aule. Mpikie uungwana leo jioni, utie na chumvi."

Nzioka aliinuka. Alizikunja zile noti, akazitia kwenye mfuko wa koti na kuufunga kwa pini. Ngina alimchukia kwa ile pini kuliko kwa jambo jingine lolote.

* * *

Jumamosi iliyofuata walikwenda soko la ng'ombe Thika. Nzioka alivaa koti lake la kanisani. Ngina alitembea nyuma yake njia nzima bila kusema, na kunyamaza kwa Ngina kulikuwa na makelele.

Mchuuzi waliyemkabili alikuwa na tumbo kubwa la mtu asiyejua bei ya unga. Nzioka alimwonyesha mtamba mwekundu, akauliza bei. Alipoambiwa, alicheka kwa adabu, kama mtu aliyesikia mzaha wa mkubwa wake. Mchuuzi hakucheka.

"Nina mia na ishirini," Nzioka alisema.

"Hizo ni za mguu wa nyuma."

"Mwaka juzi ng'ombe kama huyu..."

"Mwaka juzi? Basi nenda ukamnunue mwaka juzi. Mimi niko hapa leo." Mchuuzi aliwatazama, kisha akaonyesha kwa fimbo kule ukingoni, ambako ng'ombe mmoja wa kijivu alikuwa ameegemea nguzo. "Yule ni wa pesa yako."

Walikwenda kumtazama. Alikuwa ameegemea ile nguzo kwa sababu bila nguzo angeanguka. Pembe moja haikuwapo. Ngina alimfungua mdomo, akachungulia, akaufunga taratibu kama anayefunga mlango wa nyumba yenye msiba.

"Huyu alizaliwa kabla ya reli," alisema. "Ukimpelekea baba yangu huyu, atamzika, halafu atadai gharama za mazishi."

Nzioka alirudi kwa mchuuzi. Kisha akafanya jambo ambalo Ngina hakulitarajia: alifungua pini, akatoa noti, akavua koti la kanisani na kuliweka juu ya noti. "Na koti," alisema.

Mchuuzi alilipokea. Alilinusa makwapani, mbele ya watu, akalikunja vizuri na kumrudishia. "Livae, Mzee. Jua litakuchoma."

Wauzaji wengine walicheka. Nzioka alilivaa, akavikosea vifungo vyote hata Ngina akalazimika kumfungia. Alimfungia kwa nguvu, akimvuta kama anayefunga mzigo.

"Ungechukua zamu ya kwanza," alimwambia polepole.

"Nilitaka tuwe na uhakika."

"Tunao sasa."

* * *

Mvua zilianza Jumanne, na Alhamisi Mzee Kiilu akawasili laini, amejifunika gunia kichwani na fimbo mkononi. Hakuingia ndani. Alisimama uani mahali ambapo kila mlango ungemwona, akakataa kiti, akakataa chai.

"Nimekuja kumwona ng'ombe wangu," alisema.

Nzioka alitoka na zile noti amezishika kwa mikono miwili, amepiga goti kidogo kama inavyompasa mkwe. "Mzee, pesa ya ng'ombe hii hapa yote. Ile tuliyosema siku ile. Haijapungua hata senti."

Mzee Kiilu alizielekezea fimbo bila kuzigusa, pale penye picha ya kichwa. "Huyu ni nani?"

"Ni mfalme, Mzee."

"Anakamuliwa?"

Milango ya laini ikajaa watu. Selpha alikuwa ameegemea wake, anakula muwa.

"Mimi nilioza mtu," Mzee Kiilu aliendelea, kwa sauti ya kufika mbali. "Sikuoza picha. Tulisema mtamba. Bei ya mtamba ikipanda au ikishuka ni yako wewe na soko. Kama ingeshuka ungeniletea wawili?"

Lile swali lilikuwa la haki, na hilo ndilo lililomuuma Ngina. Alitaka mumewe apayuke, aseme hata upuuzi. Nzioka alisimama tu na noti zake zikilowa.

"Funga vitu," Mzee alimwambia binti yake. "Na watoto."

"Baba, hapa ndipo kwangu."

"Kwako patakuwa siku nitakaposikia ng'ombe akilia zizini kwangu. Au unataka niseme mbele ya Waluo hawa kwamba nilikutoa bure?"

Ngina aliingia ndani akafunga blanketi, sufuria na nguo za watoto. Kaleli, mkubwa wao, alimshika baba yake koti, na Nzioka akambandua vidole kimoja kimoja huku akimwambia atakuja. Walipopita mlangoni kwa Selpha, muwa ulisimama hewani.

"Safari njema, Mama Kaleli," Selpha alisema. Alijaribu kucheka, kicheko kikamkataa.

"Kula muwa wako," Ngina alijibu. "Kesho utapanda bei."

* * *

Sasa, Mzee Kiilu alikuwa na siri ambayo haikuwa siri, kwani alikuwa ameitangaza mwenyewe vilabuni. Februari, baada ya mavuno, lori la mfanyabiashara lilipita Matungulu likitoa bei kubwa kuliko zote alizozisikia tangu azaliwe. Akauza mahindi karibu yote. Alizunguka wiki nzima akiwacheka majirani walioacha yao ghalani. Kufikia Aprili, debe moja la kununua lilikuwa limeipita ile bei ya lori, likaipungia mkono na kuendelea na safari.

Kwenye nyumba hiyo ndimo alimoongeza midomo minne.

Asubuhi ya kwanza, Kalondu, mke wake mdogo, alimletea Ngina jembe. "Twende. Mvua haingoji."

Ngina alikuwa ameketi kwenye mlango wa jiko, anawachana watoto nywele. "Silimi."

"Unasemaje?"

"Nimesema silimi. Baba!" Aliita kwa sauti ya kuwaamsha majirani. "Baba, mimi nimeletwa hapa kama nani?"

Mzee Kiilu alitokeza. "Umeletwa kwa sababu ya ng'ombe wangu."

"Basi mimi ni rehani. Saa ya mtu ikiwekwa rehani kwa mwenye duka pale Ruiru, mwenye duka anaivaa? Anaiweka kabatini, anaifuta vumbi. Nikilima shamba lako nitakuwa mali yako, na Nzioka atasema deni lake limelipwa kwa mgongo wangu. Unataka aseme hivyo mbele ya wazee?"

Mzee alifungua mdomo. Yeye ndiye aliyewafunza watoto wake wote kubishana, na hakuwahi kujuta mpaka siku ile.

"Kwa hiyo utafanya nini?" Kalondu aliuliza.

"Nitangoja," Ngina alisema. "Na nitakula."

Akala. Hakula kwa njaa. Alikula kama mtu aliyeajiriwa. Kalondu akipima unga kwa kibaba, Ngina alisimama kando na kusema kwa upole, "Watoto wa deni hawapimiwi, mama mdogo, wasije wakarudishwa wamekonda, baba akatozwa faini." Aliwafundisha watoto kuomba tena. Kaleli, aliyekuwa na miaka saba, aligundua kipaji. Inasemekana katika mwezi ule alikula viazi vikuu vilivyokusudiwa harusi ya mtu mwingine, na kwamba kuku wa Mzee Kiilu walianza kulala juu ya mti wa jirani.

Kalondu hakunyamaza. Alipiga sufuria, alimwita Ngina nzige, alimnyima mafuta, akafunga jiko kwa kufuli. Ngina akaenda kuketi nje ya kanisa siku ya Jumapili na watoto wake watatu na sahani tupu, watu wakitoka. Hakuomba chochote. Alipoulizwa, alisema tu kwamba kwa baba yake unga ni ghali, hawezi kumlaumu. Jiko lilifunguliwa kabla ya saa sita mchana.

Siku nyingine Mzee alirudi kutoka sokoni Kangundo na debe la mahindi begani, amepinda kama upinde. Aliliweka chini, akaketi juu yake.

"Unajua nimenunua bei gani?"

"Najua, Baba. Imepanda."

"Haya ni mahindi yangu! Nayafahamu! Niliyauza kwa yule mtu wa lori, na leo nimeyanunua kwake kwa mara mbili. Mahindi yale yale, Ngina. Hayakuongezeka hata punje."

Kwa mara ya kwanza Ngina alimhurumia kidogo. Alimtazama alivyozeeka ghafla, mikono juu ya magoti, macho yakitafuta mtu wa kumpiga na hayamwoni. Aliyajua macho yale. Aliyaona usoni kwa Nzioka siku ya soko.

Kisha akakumbuka gunia lile kichwani kwake, na milango iliyojaa watu.

"Mia na ishirini bado ziko," alisema. "Nzioka hatazigusa hata akifa njaa. Ni mjinga namna hiyo."

"Mia na ishirini si ng'ombe."

"Leo ni madebe mengi ya mahindi. Krismasi sijui zitakuwa nini. Labda kiberiti." Akamnyanyua mtoto mdogo. "Kaleli! Babu ameleta mahindi. Njoo umshukuru."

* * *

Mwanzoni mwa Juni walionekana wakija njiani, Mzee Kiilu mbele na Ngina nyuma na watoto wamenawiri kama watoto wa padri. Ilikuwa Jumapili, laini imejaa. Nzioka alikuwa akifua shati. Alikuwa amekonda hata koti la kanisani lingemtosha yeye na mgeni.

Mzee alisimama uani, mahali pale pale.

"Lete zile," alisema kwa sauti ndogo.

"Zipi, Mzee?"

"Zile za mfalme."

Nzioka aliingia ndani akatoka nazo, zimekunjwa, zina pini. Mzee alinyoosha mkono, lakini Ngina alimtangulia akasimama kati yao.

"Siyo hivyo, Baba. Ulinichukua watu wakiona. Utasema watu wakiona."

"Nitasema nini?"

"Unajua linalosemwa. Dalmas! Waweru! Njooni, mnaitwa ushahidi."

Walikuja, na wengine nyuma yao, wanafuta mikono. Mzee Kiilu aliwatazama mmoja mmoja kwa chuki ya mtu aliyekamatwa ndani ya zizi la mwenzake. Alisema labda waongeze ishirini, kwa ajili ya usumbufu. Ngina akamtua mtoto mgongoni, akaanza kulikunja blanketi upya kama mwenye safari ya kurudi Matungulu.

"Basi! Basi," Mzee alisema haraka. Akazipokea noti. Alizihesabu, akazigeuza, akazitazama upande wa pili kana kwamba huenda huko kuna zaidi. "Mbele ya watu hawa," alisema, "mtamba wangu nimempokea. Sina dai kwa Nzioka. Binti ni wa kwake na watoto ni wa kwake."

Hakuna aliyepiga makofi. Mzee alizitia noti kifuani, akakataa chai kama mara ya kwanza, akashika njia ya Thika kwa mwendo wa kukimbia, maana ilikuwa bado mapema na bei za mahindi za asubuhi si za jioni.

Nzioka alitaka kumshika mkewe mkono. Ngina alimpa sufuria aishike.

"Usinichekee," alimwambia. "Nimerudi na watoto watatu waliozoea kushiba. Wewe ndiye utawaeleza."

Watu walikuwa wakitawanyika. Selpha peke yake alibaki mlangoni, mkono kiunoni, akiutazama ua wote, kutoka kwenye kamba ya nguo hadi kwenye choo.

"Mimi sijaelewa," alisema. "Nimesikia ng'ombe amepokewa. Yuko wapi?"

Ngina alifungua mlango wa nyumba yake kwa kiwiko.

"Tulimla," alisema, akaingia.